Mfanyakazi Naye Aingie Makumbusho



Kila mara chama kinapopeleka wajumbe kwenye semina Kampala au Nairobi, orodha ya maagizo huwa ndefu. Mke anataka vitenge, mtoto anataka viatu vya shule, jirani anataka simu. Sina ugomvi na maagizo hayo, maana hata mfuko wangu hurudi umejaa. Lakini nasikitika ninapowauliza wenzangu, "Mmeona nini huko?" wakanijibu, "Tumeona soko." Mtu anakunja magoti ndani ya basi kupitia Nimule, analala kwenye kiti, anafika mji mkubwa, halafu anarudi Juba bila kujua mji ule ulijengwa na nani.

Leo nataka kusema neno juu ya majumba ya makumbusho. Najua wako watakaocheka. Watasema makumbusho ni ya Wazungu wenye kamera na ya watoto wa shule waliopangwa mistari. Mimi niliishia darasa la nane katika shule ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na kwa miaka mingi nilidhani hivyo hivyo. Nilibadili mawazo siku moja Nairobi, mchana ambao semina yetu ilifungwa mapema.

Siku hiyo tulikwenda Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya zamani ya gari moshi. Yalifunguliwa mwaka 1971. Uwanjani vimesimama vichwa vya treni vya mvuke. Kimoja, namba 5918, kinaitwa Mount Gelai. Kilitengenezwa Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950, na uzito wake ni tani zipatazo 250. Lipo pia behewa ambamo simba aliingia usiku mwaka 1900, huko Kima, akamuua ofisa wa polisi aliyeitwa Ryall. Kila mgeni huonyeshwa behewa hilo, na ni kweli kisa chake kinasisimua.

Lakini mfanyakazi asiishie kwa simba. Reli ile ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Kwa kazi hiyo waliletwa vibarua zaidi ya 31,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na wanyama wakali. Gawa mwenyewe: ni kama watu wanne kwa kila maili moja ya reli. Hapo hatujawataja Waafrika waliofyeka pori na kubeba mizigo. Ryall ana behewa lake. Hao wengine wana nini?

Mwenzangu mmoja, kibarua wa shamba la mitiki, alikizunguka kile kichwa cha treni mara tatu. Kisha akaniuliza: "Jina la kiwanda nimelisikia, jina la mlima nimeliona. Jina la yule aliyesimama mbele ya moto liko wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, kila makumbusho ninayoingia naingia na swali lake.

Mara nyingine jibu lipo. Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yana mifupa ya kijana wa kale aliyefukuliwa Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Aliishi miaka kama milioni moja na nusu iliyopita, na mifupa yake mingi ilipatikana. Aliyekiona kipande cha kwanza, mwezi Agosti 1984, ni Mkenya Kamoya Kimeu. Hakuwa profesa. Alisoma shule ya msingi tu, akaanza kama kibarua wa kuchimba huko Olduvai, Tanganyika, mwaka 1960. Kwa macho yake na uvumilivu wake akawa kiongozi wa wachimbaji wote, na mwaka 1985 alipewa nishani Marekani katika ikulu ya nchi ile. Alifariki mwaka 2022. Ndugu yangu unayesema makumbusho ni ya wasomi, mfikirie kibarua huyo. Vitu vingi vinavyosomwa na wasomi vilitolewa ardhini na mikono kama yako.

Ukiishia Kampala, nenda Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira. Yalianzishwa mwaka 1908, na jengo la sasa ni la mwaka 1954. Hapo mtu wa Juba hajisikii mgeni. Utaona ngoma, zeze, vinubi, mikuki, majembe na vyungu vya makabila mengi. Wakakwa, Wamadi na Waacholi wako pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo usishangae ukikuta kitu ambacho bibi yako alikitumia. Na hapo pana funzo jingine. Mwaka 2011 palikuwa na mpango wa kulibomoa jengo hilo ili pajengwe ghorofa kubwa la biashara. Wananchi walipiga kelele, wakaenda mpaka mahakamani. Jengo lingali limesimama. Sisi watu wa vyama tunaielewa lugha hiyo: kisichokuwa na mtetezi huondolewa.

Mtu ataniuliza: "Ndugu, mshahara unachelewa miezi, bei ya unga inapanda, wewe unatuambia habari za mifupa na treni?" Swali hilo ni la haki na silikwepi. Tumbo kwanza. Lakini nimeona katika matawi yetu kwamba mfanyakazi asiyejua historia ya kazi huamini kila anachopata ni hisani ya tajiri. Akiongezwa kidogo anapiga magoti kushukuru. Akipunguziwa anamwachia Mungu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2017 tuliyo nayo haikudondoka kama mvua. Misingi ya sheria za namna hiyo duniani ilidaiwa na watu waliogoma, waliofungwa na waliouawa. Katika mji ule ule wa reli, Makhan Singh na Fred Kubai waliunganisha vyama vya wafanyakazi mwaka 1949. Mwaka 1950 walikamatwa, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, na Makhan Singh akakaa kizuizini mpaka mwaka 1961. Ukijua hayo, hutaingia kwenye mazungumzo na mwajiri umeinama.

Sasa tugeuke nyumbani. Mgeni akija Juba tutampeleka wapi? Tutampeleka kwenye kaburi la Dkt. John Garang, na inafaa. Lakini jumba la makumbusho ya taifa bado hatuna. Hata nyaraka za serikali za tangu enzi za mkoloni zilikaa miaka kadhaa ndani ya hema hapa hapa Juba, kabla watu wenye moyo hawajaanza kuzipanga na kuzipiga picha.

Na historia tunayo. Mwezi Julai 1955, huko Nzara, mamia ya wafanyakazi wa mradi wa pamba na kiwanda cha nguo waliachishwa kazi. Watu wakaandamana. Walipigwa risasi, wengine wakafa. Haikupita hata miezi miwili, askari wa Torit wakaasi tarehe 18 Agosti. Vitabu vingi vinaianza habari ya vita vyetu Torit. Mimi nasema, kabla ya bunduki za Torit palikuwa na wafanyakazi wa Nzara waliodai kazi yao. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ile sasa amefikia miaka 90. Wangapi wamebaki? Nani amewauliza?

Tusingoje. Makumbusho ya Taifa ya Sudan, Khartoum, yalikuwa yetu pia wakati nchi ilikuwa moja. Vita vilivyoanza Aprili 2023 viliyakuta, na vitu vya maelfu ya miaka vikaporwa. Kilichowekwa mahali pamoja tu, bila mlinzi, huondoka mara moja.

Kwa hiyo napendekeza haya. Kwanza, kila ujumbe wa chama unaokwenda mji mkubwa utengewe nusu siku ya makumbusho, na mjumbe akirudi aeleze tawi lake alichokiona. Chukueni barua ya chama na kitambulisho, na mlangoni mwulize kama ipo bei ya raia wa Afrika Mashariki, maana nchi yetu imo katika Jumuiya tangu mwaka 2016. Pili, kila tawi liwe na sanduku. Humo tuweke kadi za zamani za uanachama, hati za mishahara, picha, panga lililolika kwa kazi, kofia ya kiwandani. Tatu, vijana wanaojua kuandika wawaendee wazee wa viwanda na mashamba, waandike majina na maneno yao, nakala moja ibaki tawini na nyingine ije makao makuu. Nne, chama kiiambie Serikali bila kumung'unya maneno: siku makumbusho ya taifa yatakapojengwa Juba, chumba kimoja kiwe cha wafanyakazi.

Hilo sanduku la tawi halihitaji mfadhili wala semina. Linahitaji ubao, misumari na mtu mmoja mwaminifu wa kushika ufunguo. Mwenzangu wa shamba la mitiki amekwisha kupasua mbao za sanduku la tawi lake. Na kitu cha kwanza alichosema atakiweka humo ni karatasi yenye majina ya wenzake wote wa kikosi cha kukata miti, walio hai na waliokufa.

Umoja wetu udumu.