Aya za mirathi na kibanja cha yatima: Nani mwenye haki ya kufasiri?

  

Ndugu Waislamu, tulipokuwa Rubwera, wilayani Kyerwa, baada ya Sala ya Ijumaa tuliulizwa swali ambalo si la Rubwera peke yake. Mtu amefariki, ameacha mjane, mabinti wawili na ndugu yake wa kiume wa baba mmoja na mama mmoja. Mali ni kibanja cha migomba na mibuni. Je, kibanja ni cha nani? Wazee wakasema ardhi ni ya ukoo, na binti ataolewa aende kwa watu. Kijana mmoja akatoa simu, akasoma tafsiri ya aya moja, akahukumu kwamba mwanamke ni nusu ya mwanamume; hivyo mabinti wapewe kidogo na ami achukue kilichobaki. Wa tatu akasema aya hizo zilikuwa za Waarabu wa zamani, leo ziwekwe kando.

Wote watatu walikuwa wakifasiri Qur'ani, hata yule aliyetanguliza mila, kwani naye aliitegemeza kauli yake kwenye aya ya 34 ya Suratun Nisaa, inayowataja wanaume kuwa wasimamizi wa wanawake. Kwa hiyo kabla ya kuligawa shamba, inatupasa tuulize: Qur'ani inafasiriwa vipi, na kwa kanuni zipi?

Wanazuoni hawakuliacha jambo hili ovyo. Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 Hijria) katika utangulizi wake wa misingi ya tafsiri aliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo: Qur'ani ifasiriwe kwanza kwa Qur'ani yenyewe, kisha kwa Sunna, kisha kwa kauli za maswahaba, kisha za wanafunzi wao. Njia hii huitwa tafsiri kwa mapokezi, na kitabu chake kikubwa ni cha Imamu Tabari (aliyefariki 310 Hijria). Ipo pia tafsiri kwa rai, yaani kwa jitihada ya akili iliyofungwa na lugha ya Kiarabu na misingi ya sheria; humo wamo Zamakhshari katika balagha na Fakhruddin Razi katika hoja za kiakili. Qurtubi alizama katika hukumu. Katika zama za karibu, Sheikh Muhammad Abduh (aliyefariki 1905) na mwanafunzi wake Rashid Rida, katika Tafsiri ya Manar, walitaka aya zisomwe kwa kuangalia uongofu wake kwa jamii. Rai inayolaumiwa ni ile inayoanza na matamanio, kisha ikatafuta aya ya kuyavalisha.

Tuzitumie sasa kanuni hizo katika kibanja chetu. Aya ya 11 ya Suratun Nisaa inasema kwamba watoto wakiwa wa kiume na wa kike, fungu la mwanamume ni sawa na mafungu ya wanawake wawili. Kisha inataja watoto wakiwa ni wanawake zaidi ya wawili, wana theluthi mbili. Na akiwa mmoja, ana nusu. Mabinti wawili kamili hawakutajwa waziwazi. Hapa msomaji wa aya moja hukwama, au hujitungia.

Mwenye elimu hurejea kwenye Qur'ani yenyewe. Mwishoni mwa sura hiyo hiyo, aya ya 176, dada wawili wa marehemu wasiye na mtoto wamepewa theluthi mbili. Ikiwa dada wawili wanapata kiasi hicho, mabinti wawili walio karibu zaidi na marehemu hawawezi kupata pungufu. Kisha hutazama Sunna. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba mjane wa Saad bin Rabii, aliyeuawa shahidi katika vita vya Uhud, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) na mabinti zake wawili, akashitaki kwamba ami yao amechukua mali yote. Ikateremka aya ya mirathi. Mtume (S.A.W.) akamwita yule ami, akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na kinachobaki ndicho chake.

Tazameni, ndugu zangu, jinsi kisa cha Madina kinavyofanana na cha Rubwera: mjane, mabinti wawili, na ami aliyeshika mali. Yaani aya ambayo kijana wa simu aliitumia kumtetea ami iliteremka kumzuia ami. Hiyo ndiyo faida ya kujua sababu ya kushuka aya. Kwa hesabu, baada ya kulipa gharama za mazishi, madeni, na wasia usiozidi theluthi, kibanja kikigawanywa mafungu 24, mabinti wana 16, kila mmoja 8. Mjane ana 3. Ami ana 5.

Wala si kweli kwamba mwanamke daima ni nusu ya mwanamume. Aya hiyo hiyo ya 11 inawapa baba na mama wa marehemu sudusi kila mmoja, iwapo marehemu ameacha mtoto wa kiume. Na aya ya 12 inawashirikisha ndugu wa upande wa mama, wa kiume na wa kike, katika theluthi pasipo kutofautishwa. Ama usimamizi unaotajwa katika aya ya 34, mojawapo ya sababu zake imetajwa humo humo: mume kutoa mali yake kwa ajili ya mke. Aya inayomtaka mume atoe mali haiwezi kuwa hoja ya kumnyang'anya yatima mali yake.

Kuhusu wanaosema aya ziwekwe kando, mjadala huu umepita kwa wakubwa. Mwaka 2018 nchini Tunisia, Rais Beji Caid Essebsi alipendekeza sheria ya kusawazisha mirathi ya mwanamume na mwanamke, na wanazuoni wa Al-Azhar wakapinga wakisema mafungu hayo yamethibiti kwa nas za kukata, zisizo na nafasi ya ijtihadi. Sisi tuko pamoja na kauli hiyo. Lakini tunauliza kwa uadilifu: katika vijiji vyetu, ni mabinti wangapi wanaopewa hata hilo fungu la Qur'ani? Anayemnyima binti kila kitu kwa jina la ukoo hana haki ya kukasirishwa na anayetaka binti apewe sawa. Wote wameiacha aya, na yeye ndiye aliyetangulia kuiacha.

Sheria ya nchi nayo imeligusa jambo hili. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim na Pastory lililotoka mkoa huu wa Kagera, Mahakama Kuu Mwanza ilitamka kwamba mwanamke anayo haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, sawa na mwanamume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Lugha ya Kiswahili imebarikiwa kuwa na tafsiri kadhaa. Ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana Zanzibar, ilitoka 1923. Ya Waahmadiya ilitoka 1953, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy akaijibu katika Qurani Takatifu iliyokamilika 1969. Tafsiri ya Sheikh Ali Muhsin Barwani ikafuata 1995. Hitilafu zao, kama ile ya neno linalohusu mwisho wa Nabii Isa (A.S.) katika Suratu Aal Imran aya ya 55, zinatufundisha kwamba kila tarjama imebeba uamuzi wa mfasiri. Tarjama ni mlango wa kuingilia, na anayetoa hukumu lazima apite ndani zaidi ya mlango.

Ardhi hii ya Karagwe inalijua hilo tangu zamani. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyefika Buganda mwaka 1844 na kumweleza Kabaka Suna habari za Mwenyezi Mungu, alikuwa na makazi Kafuro, Karagwe. Inasimuliwa kwamba aliyakemea mauaji ya raia mbele ya Kabaka mwenyewe, kwa hoja kwamba wao na yeye wameumbwa na Mungu mmoja. Elimu ya Kitabu katika nchi hizi za ziwa ilianza kwa kumtetea mnyonge mbele ya mwenye nguvu.

Tunawanasihi mashekhe wenzetu wafungue darasa za tafsiri na mirathi misikitini, na wasione haya kusema hawajui. Abubakar Siddiq (R.A.) alipoulizwa maana ya neno kalala katika aya hizi hizi za mirathi, alitoa rai yake akitahadhari kwamba ikiwa ni sahihi imetoka kwa Mwenyezi Mungu, na ikiwa ni kosa limetoka kwake na kwa shetani. Ikiwa yeye alihofu hivyo, sisi na simu zetu tuhofu zaidi. Na kila mzee mwenye kibanja aandike madeni yake na mipaka ya shamba lake mbele ya mashahidi angali hai.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atufahamishe Kitabu chake na atuepushe na kula mali ya yatima. Amin.

Wallahu aalam.