Shukrani Zetu kwa Ardhi Zisiwe za Punda

Wahenga walisema, asante ya punda ni mateke. Sisi wa Kiserian twamjua punda vizuri, maana wengi wetu yeye ndiye hutubebea maji. Lakini nikitazama jinsi sisi Wakristo wa hapa tunavyoishukuru ardhi, naona methali hiyo yatufaa sisi kuliko inavyomfaa mnyama huyo.

Sikusudii kuipinga sikukuu ya mavuno. Ni desturi njema. Watu huleta kanisani mahindi, maharagwe, sukumawiki, kuku na hata mbuzi. Vitu hubarikiwa, kisha hupigwa mnada uani, na fedha huingia katika mfuko wa kanisa. Jumapili hupita kwa nderemo. Ikifika Jumatatu, yule yule aliyetoa gunia hukata shamba lake vipande vya futi 50 kwa 100 akauza, au hulima mteremko wa Ngong bila tuta hata moja, mvua ikija udongo wote ukashukia mtoni. Hayo ndiyo mateke.

Habari za malimbuko zimo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26. Mwenye kuisoma kwa makini ataona kwamba kikapu ni sehemu moja tu ya ibada. Mkulima alitakiwa pia kusimulia jinsi watu wake walivyoipata nchi ile, kisha afurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliyekaa kwao. Nayo Mambo ya Walawi, sura ya 25, yataka ardhi ipumzishwe kila mwaka wa 7, na yakataza kuiuza kabisa kabisa, kwa kuwa mwenyewe ni Mungu. Sisi tumeshika kikapu. Hayo mengine tumeyaacha.

Tuchukue masimulizi. Jina Kiserian ni la Kimaasai, nalo lahusu amani. Kwa mkataba wa 1904 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Mkataba wa 1911 ukawaondoa Laikipia pia. Waliposhtaki, mwaka 1913 korti ilisema haina uwezo wa kuamua shauri la mkataba. Kajiado ni sehemu ya nchi waliyobakizwa. Kisha sheria ya 1968 ikaleta ranchi za vikundi, na nyingi kati ya hizo baadaye ziligawanywa na kuuzwa vipande vipande. Sisemi kwamba waliohamia huku wafukuzwe. Wengi walinunua kwa jasho lao. Nasema kwamba anayeshukuru kwa nchi hii bila kukumbuka aliyeitunza kabla yake ametoa shukrani nusu.

Tena wenyeji hao walijua kushukuru kabla ya kuona kanisa. Kwa Kimaasai neno Enkai ni Mungu, na ni mvua pia. Nyasi kwao ni alama ya amani na baraka, kwa sababu nyasi ni uhai wa ng'ombe. Padri Vincent Donovan, Mmarekani aliyehubiri kwa Wamaasai wa Loliondo, Tanzania, alieleza katika kitabu chake cha 1978 jinsi Wakristo wa huko walivyopeana majani ya nyasi kuwa ishara ya amani katika Misa. Ibada kama hiyo haiwezi kufanyika mahali ambapo nyasi zimekwisha.

Na ardhi ipumzike vipi ikiwa imefunikwa kwa saruji? Tangu mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na mizoga ya ng'ombe ikatapakaa Kajiado. Mwaka 2024 zikaja mvua za mafuriko. Udongo uliochoka hauwezi kunywa maji hayo, huondoka nayo. Huko Kitengela, tangu mwaka 2000, ulikuwako mpango wa kuwalipa wenye ardhi karibu na Mbuga ya Nairobi ili wasizungushe ua wala kuuza, wanyama wapate kupita. Ikiwa pundamilia walitafutiwa njia, je, kanisa haliwezi kumtafutia njia mkulima wake?

Najua jibu nitakalopewa. Watu huuza kwa sababu ya karo na gharama za hospitali, si kwa kupenda. Ni kweli, na hapo ndipo lawama inapomwondokea mnyonge na kulielekea kanisa zima. Fedha za mnada wa mavuno ni za nani? Mara ngapi zimejenga mnara au kununua vipaza sauti, hali muumini wa kiti cha pili anauza ekari yake ya mwisho ili mtoto arudi shuleni?

Maoni yangu ni haya. Fedha za mavuno ziwekwe akiba, muumini aliyebanwa akopeshwe asije akauza shamba. Sehemu yake inunue miche na kuwalipa vijana wachimbe makinga maji. Na siku ya sikukuu, kabla ya mnada, mzee wa Kimaasai apewe nafasi asimulie habari za nchi hii mbele ya watu wote. Tukifanya hivyo, kikapu chetu kitakuwa na maana, na wajukuu wetu nao watapata cha kuleta.