AFYA YETU: Vidonge vya Madini na Ulevi

Wasomaji wetu, wako watu wasemao kwamba mlevi akimeza vidonge vya madini, hasa magnesiamu na zinki, kiu ya pombe itamtoka. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Na ayashikaye bila kuyapambanua aweza kupoteza fedha zake, na pengine maisha yake.

Kwanza tutazame lile lililo kweli. Pombe huzifanya figo zitoe magnesiamu na zinki nyingi katika mkojo. Tena mlevi hula kidogo, hutapika, na matumbo yake hayafyonzi vyema hata hicho alacho. Magnesiamu ikipungua, mikono hutetemeka na misuli hukazana. Zinki ikipungua, vidonda hukawia kupona. Hospitalini, daktari akiona upungufu huo, humrudishia mgonjwa madini yake.

Kadhalika iko vitamini B1, iitwayo thiamini. Hiyo si madini, lakini haifanyi kazi sawasawa mwilini pasipo magnesiamu. Ikipungua sana, macho hayatulii, mtu hupepesuka ingawa hakunywa, na akili huchanganyikiwa. Carl Wernicke, daktari wa Kijerumani, aliyaeleza maradhi hayo mwaka wa 1881. Yasipotibiwa upesi kwa sindano za thiamini, kumbukumbu yaweza kupotea isirudi tena.

Lakini kuutengeneza mwili ni jambo moja, na kuiondoa tamaa ni jambo jingine. Mkulima ajua kwamba mbolea hulirutubisha shamba, lakini haing'oi magugu. Huko Marekani madaktari walijaribu lithiamu, ambayo chumvi zake hutumika kutibu maradhi ya akili, kwa wanaume 457 waliotawaliwa na pombe. Wengine walipewa dawa yenyewe, na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalipotangazwa mwaka wa 1989, waliopewa lithiamu hawakuwashinda wenzao katika kuacha pombe.

Basi, mwenye ndugu aliyezoea kunywa sana kila siku asimfungie nyumbani aache ghafula, akitumaini vidonge vya dukani. Katika siku mbili za kwanza mtu huyo aweza kupatwa na kifafa. Na baina ya siku ya pili na ya nne aweza kuweweseka, kuona mambo yasiyokuwako, hata kufa. Hapana budi apelekwe hospitali, ambako ziko dawa za kumvusha salama.

Mwenye ugonjwa wa figo asimeze magnesiamu pasipo idhini ya daktari, kwa maana yaweza kumzidi. Wala mlevi asijipe vidonge vya chuma kabla ya kupimwa damu, kwa kuwa pombe huweza kulilimbikizia ini chuma.

Akirudi nyumbani, apewe maharagwe, mboga za majani, mbegu za maboga, na nyama ikipatikana. Chakula hicho kitamrudishia nguvu. Kuhusu tamaa ya pombe, aendelee kuonana na daktari na washauri, na jamaa zake wasichoke kumsindikiza.