Ovadraivu ya Zamani Sawa, Ila Breki Kwanza

Jamani, tuseme ukweli. Ukiendesha hotrodi ya Ford ya 1932 yenye ile V8 ya zamani kwenye barabara kuu za Marekani, injini inalia mpaka husikii hata podikasti yetu. Wengi watakwambia ufunge giaboksi ya kisasa ya gia tano. Mimi nasema tafuta Borg-Warner R10, ovadraivu iliyokuja na Ford za 1949. Hesabu yake ni rahisi: uwiano ni 0.70, kwa hiyo mizunguko 3,000 kwa dakika inashuka hadi 2,100, na mwendo ni uleule.

Ila usidhani ni boliti mbili tatu tu. Propela shafti ya Ford hiyo imo ndani ya bomba, na bomba ndilo linalosaidia kushika ekseli ya nyuma. Ukilitoa, lazima utengeneze mikono mipya ya kuishika.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalisemi. Ukiacha ovadraivu wazi kwenye mwendo mdogo, ukiachia mafuta gari linateleza tu. Injini haikusaidii kulizuia. Mteremkoni unabaki na breki peke yake, na breki za 1932 zilivutwa kwa vyuma, si kwa mafuta. Ndiyo, kitasa cha kuizima kipo, lakini siku moja utasahau kukivuta.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye breki. Ovadraivu itasubiri, mteremko hausubiri.