MAMBO YA BARABARANI: Kuchukua Baiskeli kwa Motakaa ya Zamani

Mtu aiachaye barabara ya Malindi na kuingia Kiembeni Jumamosi asubuhi hukutana na baiskeli za kila namna. Nyingine zimebeba mitungi ya maji, nyingine mikate, na nyingine zimechukua watoto watatu ambapo fundi aliyeziunda alitazamia mtu mmoja. Katika nyua chache, chini ya miembe, bado mna motakaa za zamani: Peugeot 404, Volkswagen zenye mgongo wa kobe, na Morris Minor ya hapa na pale, zinazotunzwa kwa mapenzi kama watu wengine watunzavyo ng'ombe wa urithi. Baiskeli na motakaa hizo huishi kwa amani muda wote ambao kila kimoja kinakwenda kwa magurudumu yake. Siku inapotakiwa kimoja kipande juu ya mwenziwe, ndipo taabu huanza.

Bwana mmoja wa Kiembeni, mwenye Peugeot 404 aliyoachiwa na marehemu baba yake, aliazimu kuwapeleka wanawe wawili kwa bibi yao Kilifi wakati wa likizo ya Agosti. Watoto walikataa kwenda bila baiskeli zao. Basi akatandika magunia mawili juu ya paa, akazilaza baiskeli moja juu ya nyingine, akapitisha kamba ya makumbi ya nazi ndani ya milango na kuikaza kwa nguvu zake zote. Majirani waliitikisa kamba na kusema iko sawa. Walipokuwa wakiteremka kuelekea daraja la Mtwapa, baiskeli ya msichana iliteleza, ikapita juu ya kioo cha nyuma na kuanguka barabarani mbele ya pikipiki iliyompakia mama na mtoto mchanga. Mwenye pikipiki alikuwa hodari. Aliikwepa kwa nafasi ya shubiri. Hakuumia mtu. Gurudumu la baiskeli lilipindika kama chapati, na bwana yule alikaa kando ya njia muda mrefu kabla mikono yake haijaacha kutetemeka.

Yafaa ichunguzwe kwa nini jambo hilo lilitokea, kwa maana kamba yenyewe haikukatika. Baiskeli iliyolazwa ubavu haikai juu ya gunia kama mzigo wa mahindi. Huegemea ncha tatu tu: pedali, mkono wa usukani, na mwisho wa ekseli. Gari likitikisika kwenye matuta, ncha hizo hutambaa kidogo kidogo, na kila zinapotambaa kamba hupata ulegevu. Tena kamba ya makumbi, ambayo mabaharia waliipenda kwa kuwa huvumilia maji ya chumvi na hunyumbuka chombo kinapovutwa na mawimbi, kwa sababu hiyo hiyo haifai kushika kitu kisichotakiwa kunyumbuka. Kamba ya katani nayo ina hila yake: ikinyeshewa hujikaza, ikikauka hulegea. Wachukuzi wa Kisauni wamekwisha kujua dawa. Hukata mpira wa tyubu kuukuu kuwa ukanda mrefu, na ukanda huo huvuta siku zote, hata mzigo ukisogea.

Halafu kuna upepo. Gari linalokwenda maili hamsini kwa saa halisukumwi na upepo mara mbili ya lile liendalo maili ishirini na tano. Husukumwa mara nne. Ndiyo maana mzigo uliotulia kutoka Kiembeni hadi Shanzu unaweza kuruka mara tu njia inaponyooka na dereva kukanyaga mafuta. Hapo zamani safari yenyewe ilikuwa mlinzi. Aliyetoka kisiwani alivuka Nyali kwa daraja la kuelea lililofunguliwa mwaka 1931, akatoa ushuru. Na Kilifi alingoja pantoni, mpaka daraja la huko lilipofunguliwa mwaka 1991. Kila mahali aliposimama alishuka, akanyoosha miguu, akatazama kamba zake. Daraja jipya la Nyali la mwaka 1980 na lile la Kilifi yaliondoa kungoja, na pamoja na kungoja yaliondoa nafasi ya kukaza kamba bila kukusudia.

Baada ya siku ile, bwana yule alimwendea fundi wa bodi, kijana aliyekuwa na kibanda si mbali na kwake.

"Ami," fundi akasema, akiupapasa ukingo wa paa kwa kidole, "gari hili lina mali ambayo magari ya siku hizi hayana. Unauona mfereji huu wa maji ya mvua juu ya milango?"

"Nauona tangu utotoni, mwanangu."

"Basi hapo ndipo keria hukamata. Lakini ngoja kwanza."

Akachukua bisibisi na kugonga mfereji taratibu kwa mpini wake, toka mbele hata nyuma. Mahali pengi palilia kwa sauti kavu ya chuma. Juu ya mlango wa nyuma wa kushoto sauti ilizama, na rangi ikabanduka. Ndani mlikuwa na kutu nyekundu ya kubomoka.

Hilo ndilo neno kubwa kwa watu wa pwani. Keria yenye miguu minne inayobana kwenye mfereji ndiyo njia iliyo bora ya kuchukua baiskeli kwa gari la miaka ile, kwa kuwa uzito hushuka kwenye ukingo na nguzo za gari, wala haulemei bati jembamba la katikati. Walakini mfereji ule ule hukusanya vumbi na unyevu wa chumvi utokao baharini, na kutu hula chini ya rangi pasipo kuonekana. Keria madhubuti iliyobanwa kwenye mfereji mbovu ni hatari kuliko kamba, kwa maana ikitoka hutoka nzima na kila kilicho juu yake. Agonge mfereji kwanza. Akisikia sauti imezama, apeleke gari likachomelewe kabla ya kununua kitu kingine.

Keria ikisha kufungwa, baiskeli hupandishwa miguu juu, ikisimama kwa tandiko na mikono ya usukani. Magari ya timu katika mashindano ya Tour de France yamebeba baiskeli juu ya paa kwa miaka mingi, nayo hukimbia zaidi ya mtu yeyote wa Kiembeni. Mkono wa kulia na wa kushoto ufungwe kila mmoja peke yake kwenye mti wa mbele wa keria, na tandiko kwenye mti wa nyuma. Zikiwa mbili, moja ielekee mbele na nyingine nyuma, ili mikono isigombane. Pampu, kengele iliyolegea na kikapu viingie ndani ya gari. Gurudumu la mbele lifungwe kwenye fremu lisizungukezunguke, maana likizunguka hugeuza usukani.

Hesabu ya uzito haipendwi na mtu, lakini haikwepeki. Baiskeli nyeusi ya chuma, ile iitwayo Black Mamba, pamoja na keria yake na stendi, ina kilo kama 20. Vitabu walivyopewa wenye Volkswagen za zamani vilitaja kilo 50 kuwa ndio mwisho wa mzigo wa paa, na keria yenyewe imo katika hesabu. Baiskeli mbili kubwa zimekwisha kulijaza paa hilo. Wako wasemao kwamba Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1962, na Peugeot 404 mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, kwa hiyo magari hayo hayashindwi na baiskeli tatu. Ushindi ule ulitokana na springi, injini na watu walioketi ndani. Mzigo wa juu hulifanya gari liyumbe kwenye kona, na springi za motakaa yenye umri wa miaka hamsini na zaidi si zile za mwaka 1962.

Wengine hupenda kutundika baiskeli nyuma, kwa vyuma vyenye mikanda na kulabu zinazoshika kifuniko cha buti. Kwa gari jipya huenda ikafaa. Kwa gari la zamani, kulabu hukwaruza rangi isiyopatikana tena dukani, na kifuniko hupinda kwenye bawaba. Volkswagen ni mbaya zaidi, kwa sababu injini yake iko nyuma na hupoa kwa hewa iingiayo kwenye matundu chini ya kioo cha nyuma. Mtu akifunika baiskeli kwa turubai hapo, huinyima pumzi injini. Tena mabomba ya moshi hutokea chini ya bampa, na tairi inayoning'inia karibu nayo huiva. Askari wa barabarani naye ana haki ya kuuliza: namba ya gari i wapi, na taa za nyuma ziko wapi? Baiskeli moja tu inaweza kulala ndani juu ya kiti cha nyuma, magurudumu yakiwa yametolewa na mnyororo umefungwa kwa gunia. Lakini ile yenye breki za vyuma virefu badala ya waya itamchosha afunguaye, na kumchosha zaidi afungaye.

Bwana wa Kiembeni alichomelewa mfereji, akapata keria ya mitumba yenye miguu minne, na likizo ya Desemba akasafiri tena. Alisimama kabla ya Mtwapa, akasimama baada ya Mtwapa, na mara ya tatu Kikambala. Mwanawe wa kiume alikuwa akishuka na kuvuta kila ukanda bila kuambiwa. Kilifi walifika salama. Bibi alikuwa amewafungulia lango, na juu ya njia ya kuingilia kulikuwa na banda la makuti ambalo Peugeot ile ilikuwa imepita chini yake mara mia. Baba alikuwa amekwisha kuingiza gia ya kwanza msichana alipotoa kichwa dirishani na kupiga kelele.

"Baba! Baiskeli ziko juu!"

Breki zilishika. Kati ya gurudumu la kwanza na ukingo wa makuti palibaki urefu wa mkono. Walizishusha hapo hapo nje ya lango, na watoto wakaingia uani wakiwa wamezipanda.