Makunyanzi si Aibu

Mwezi uliopita nilikuwa Garissa, nimefikia kwa dada yangu wa kunyonya, aliyeolewa na mchuuzi wa ng'ombe wa mji huo. Baada ya sala ya alasiri alinimiminia chai ya maziwa, akaketi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Kaka, niazime pesa. Nataka kwenda Nairobi kupigwa sindano ya uso."

Nikamwuliza anaugua nini. Akajibu, "Siugui. Mume wangu amesema nimechakaa."

Sindano hiyo naijua kwa kusoma na kuuliza. Hutia ute mzito chini ya ngozi ili kuinua mikunjo. Aghalabu ni asidi ya hialuroniki, ambayo hata mwili wenyewe huitengeneza. Marekani iliidhinisha ute wa namna hii mwaka 2003. Lakini haudumu. Baada ya miezi kadhaa, pengine mwaka na zaidi, mwili huwa umeunyonya, na mwenye uso hurudi tena na mfuko wake. Na ute ukiingia katika mshipa wa damu, nyama huweza kufa, hata jicho kupofuka. Iko dawa ya kuuyeyusha, lakini yataka daktari aliyesomea, na yataka haraka. Toka Garissa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 370. Uso ukigeuka rangi usiku, basi la asubuhi litafaa nini?

Wako watakaosema kwamba nawakataza wanawake kujipamba. La hasha! Kwetu pwani mama zetu walijisinga liwa, na Garissa wanawake hupaka qasil, unga wa majani ya mkunazi. Mwenyezi Mungu apenda uzuri, hilo twalijua. Na aliyeungua uso akitafuta tiba, hana lawama. Lakini tumefunzwa pia kwamba kila maradhi yana dawa, ila uzee. Katika Muwatta ya Imam Malik imesimuliwa kuwa Nabii Ibrahim ndiye wa kwanza kuona mvi. Alipouliza ni nini, akaambiwa ni heshima, naye akaomba azidishiwe.

Basi pesa sikutoa. Nilimngoja shemeji arudi kutoka soko la mifugo, nikamwambia: "Shemeji, makunyanzi hayo dada ameyapata kwa moshi wa jiko lako na kwa kukesha na watoto wako sita. Wewe mwenyewe, kioo umekitazama?"

Akanyamaza, akapapasa ndevu zake, nyekundu kwa hina.

Mwanamke aliyekata shauri, ushauri wangu ni aende kwa daktari aliyesajiliwa, si kwa msusi. Lakini nasi waume tuchunge ndimi zetu. Neno moja la dharau sebuleni laweza kumpeleka mke wa mtu kwenye sindano asiyoihitaji.