Ukoo haukuungua na mafaili

Kijana wa Kama, huku Maniema, akitaka kujua babu wa babu yake alikuwa nani, huambiwa asijisumbue. Sababu na nasaha anazopewa ni zilezile miaka nenda miaka rudi, na nyingi hazisimami.

Ya kwanza: karatasi zote ziliteketea. Hakuna anayebisha kwamba Maniema imeumizwa. Mwaka 1964 waasi wa Simba walipoiteka Kindu, makarani na walimu waliwindwa kwa sababu tu ya kisomo chao. Vita vya 1996 na 1998 vikafuata. Lakini habari za mtu hazikai mahali pamoja. Chukua kitabu cha ubatizo cha parokia: jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, na pembeni nafasi tupu. Aliyebatizwa hapo akifunga ndoa kwingine, paroko wa huko anatakiwa kupeleka taarifa, nayo iandikwe katika nafasi ile. Kwa hiyo aliyebatizwa Kasongo akaoa Kalima ametajwa katika vitabu viwili. Kimoja kikiungua, cha pili kipo. Kalima yenyewe ilikuwa makao ya Symétain, kampuni ya bati iliyounganishwa katika kampuni ya Sominki mwaka 1976. Kampuni za aina hiyo, wakati wa Wabelgiji, nazo ziliorodhesha wake na watoto wa wafanyakazi ili kugawa posho, wala hazikuwa na haja na historia ya mtu.

Ya pili: fuata jina la ukoo. Ushauri huu unawafaa Wazungu. Kwetu mtoto huweza kupewa jina la babu au la tukio, na ndugu watatu wa tumbo moja wakawa na majina matatu yasiyohusiana. Kisha mwaka 1972 Rais Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo, na Joseph wa daftari la misheni akapotea kwenye vitambulisho vya Zaire. Afadhali ufuate kijiji, shefu na jina la mama.

Ya tatu, inayoniudhi zaidi: maneno ya wazee ni hadithi tu. Kwa Warega wa Pangi, mtu hakupanda daraja katika chama cha Bwami bila ukoo wake kumsimamia, na vinyago vya chama vilitoka kwa marehemu vikaenda kwa mrithi anayejulikana. Wabelgiji walikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948; hesabu ya nani alirithi kwa nani haikufutika kwa amri. Kule New Zealand, mahakama ya ardhi ya Wamaori iliyoanzishwa mwaka 1865 iliwasikiliza watu wakitaja mababu wao mbele ya wapinzani wao, karani akaandika. Leo Wamaori wanatafuta koo zao katika kumbukumbu hizo, na zote zilitoka vinywani. Kinachonipa imani ni yule mpinzani. Mzee anayedai msitu mbele ya ukoo jirani hawezi kujizulia babu, kwa kuwa wapo wanaomjua babu wa kweli.

Pasipo mpinzani, hali ni nyingine. Tippu Tip mwenyewe, mfanyabiashara wa Zanzibar, katika tawasifu yake *Maisha*, anaeleza alivyomwambia Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera, kwamba bibi yake alikuwa ndugu wa mtawala huyo, aliyechukuliwa utumwani. Akaaminiwa, akakabidhiwa nchi. Nani angemkatalia?

Tukio hilo, ambalo ndani yake Mzanzibari anadai bibi wa Utetera, linajibu pia dai la nne, kwamba Waungwana, yaani Waislamu wa miji ya Kasongo na Nyangwe, wote ni damu ya Unguja. Wengi wao walikuwa watu wa Maniema hiihii, baadhi wakiwa mateka, waliopokea Uislamu, kanzu na Kiswahili. Familia inayojiita ya Kiarabu iulize upande wa bibi kabla ya kuanza kutafuta Zanzibar.

La mwisho: nyaraka zote ziko Ubelgiji. Za utawala wa kikoloni, ndiyo, nyingi ziko Brussels. Lakini za ubatizo ziko parokiani, na kesi za ardhi ziko kwa shefu na katika vichwa vya walioshindwa. Hao walioshindwa waulizwe kwanza, maana wengi ni wazee.